Mwalimu Aliyekataa Kutuhesabu

Mwalimu hakutuhesabu. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta zaidi ya mara moja, kwa kuwa najua uzito wa kukanusha moja kwa moja. Huenda alituhesabu kimoyomoyo, huenda alifanya hivyo akiwa peke yake. Lakini katika miaka yote aliyotufundisha kompyuta mjini Isiolo, hakuna aliyemwona akinyoosha kidole darasani huku midomo ikicheza. Aliingia, akaweka mkoba mezani, akapitisha macho kutoka dirishani hadi mlangoni, kisha akataja majina ya wasiokuwepo. Hao tu. Sisi tuliokuwepo hatukuhitaji kutajwa, maana tulikuwa tumeshaonekana.

Aliyechelewa alisimamishwa kizingitini kwa swali moja: "Umefika?" Jibu nalo lilikuwa moja: "Nimefika, Mwalimu." Wageni waliotembelea shule walidhani ni mzaha, kwani mtu amesimama mbele yako, unamuulizaje kama amefika? Kwake lilikuwa swali la kweli. Alisema mwili unaweza kuingia darasani na mwenyewe akawa bado yuko sokoni.

Namwandika kwa sababu mwaka huu nilikaribia kuliondoa pendekezo ambalo lina jina langu, lakini ambalo lisingekuwepo bila yeye. Ni pendekezo la kuongeza kitu kipya katika lugha ya programu, yaani lugha ambayo watu huitumia kuiamuru kompyuta. Lugha ya namna hiyo ina kamati yake ya wasimamizi, na wasimamizi wana jukwaa mtandaoni ambako yeyote anaweza kuleta wazo na yeyote anaweza kulirarua. Langu lilikuwa limeraruliwa. Tasnifu yangu ya uzamili ilisimama juu ya pendekezo hilo, na mimi nilikuwa nimeshindwa kusimama.

Tabia ya Mwalimu ilielezwa na watu kwa urahisi mno. Alikuwa Mborana wa Kinna, na inajulikana kwamba wafugaji wengi wa huku hawapendi mifugo wala watoto wahesabiwe kwa sauti. Kutaja idadi ni kuialika hasara. Basi walimu wenzake walisema ni mila, wakatabasamu, wakaendelea na chai. Yeye aliikataa sababu hiyo hadharani. Alisema Mungu hangoji kusikia namba ndipo ajue achukue mbuzi gani. Hata hivyo, mbele ya mama yake mzazi hakuhesabu hata vikombe, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba yako mambo ambayo mtu hafanyi mbele ya mamake, na hayo hayadai hoja.

Hoja yake ilikuwa nyingine kabisa. Jioni, mtu anayesimama langoni mwa zizi haulizi wameingia wangapi. Anawatazama wakipita, na wa mwisho akishapita, anajua ni nani aliyekosa: yule wa sikio lililopasuka, au yule binti wa mweupe. "Namba inaweza kuwa sawa na mbuzi amepotea," alituambia. "Mbuzi ya jirani ikiingia kwako, na yako imebaki huko msituni, namba itakuambia lala tu."

Hilo nililijua kwa mwili kabla sijalijua kwa akili. Tulikuwa kidato cha pili tulipoenda Kulamawe kwa mashindano ya michezo, ndani ya lori ambalo siku nyingine hubeba mbuzi. Nilikimbia, nikashikwa na homa, nikaingia katika darasa tupu na kulala juu ya dawati. Wakati wa kuondoka, naibu wa mwalimu mkuu alisimama nyuma ya lori akawagusa wasichana vichwani mmoja mmoja wakipanda. Idadi ilitimia. Ilitimia kwa sababu msichana mmoja wa Kulamawe, mwenye sweta ya kijani kama zetu, alikuwa ameombewa lifti na shangazi yake, na katika barabara ile hakuna mtu mwenye adabu anayemnyima mwenzake lifti. Dereva alimwambia apande, na hakuna aliyeona ajabu. Wenzangu nao walidhani nimewekwa mbele, karibu na Mwalimu, kwa ajili ya homa.

Lori liliposimama njiani ili watu waswali alasiri, Mwalimu alizunguka nyuma na kutupa macho ndani.

"Mtoto wa duka hayuko," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa jina langu kwake, kwa kuwa mama yangu, Mmeru, ana duka karibu na stendi. Naibu akamwambia hesabu imetimia.

"Imetimia," Mwalimu akakubali. "Mtoto hayuko."

Naibu akataja mafuta, akataja giza, akataja usalama wa barabara, na kila alichokitaja kilikuwa kweli. Wenzangu husimulia kwamba Mwalimu hakubishana naye. Alikwenda akasimama katikati ya barabara, mbele ya lori, mikono kifuani, hadi dereva akachoka kumtazama, akageuza.

Mimi niliamka nikaukuta uwanja mtupu, mistari ya chokaa ardhini na upepo ukiifuta. Sijui nilikaa muda gani. Najua kwamba lori lilipotokea nilikuwa nimekwisha kulia, na kwamba kilichonitisha hakikuwa fisi wala giza. Kilikuwa wazo, maana hata wakati ule nilikuwa mtu wa kuwaza kupita kiasi: kwamba huenda hakuna aliyekosea. Wamehesabu, hesabu imekubali, na dunia imetimia bila mimi.

Mwalimu alishuka akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Akaniuliza kama nimefika, nikasema nimefika. "Siku ingine ukitaka kulala," akasema, "lala karibu na lango." Tangu siku hiyo hakulizungumzia tena jambo lile, ila naibu alianza kumtaka aandike idadi ya wanafunzi katika kisanduku cha rejista kila asubuhi. Mwalimu aliandika majina ya wasiokuwepo na kukiacha kisanduku kitupu. Alipoitwa ofisini, sauti yake ilisikika mpaka jikoni, tulivu kabisa: "Kama unataka namba, hesabu wewe. Mimi nimekuambia nani hayuko."

Nisimpake mafuta. Alikuwa mtu wa ukinzani, na baadhi ya ukinzani huo ulituumiza. Aliyezidharau namba ndiye aliyetugawia alama kwa nusu na robo, na hakuna machozi yaliyopata kumtoa robo. Alituamuru tutafute makosa katika programu alizoandika ubaoni, lakini Halima, aliyekuwa hodari kuliko sisi sote na aliyelijua hilo, alipolipata kosa la kweli, Mwalimu alikatisha kipindi, akaenda chumba cha walimu, akanywa chai ya maziwa ya ngamia akiutazama ukuta. Kesho yake aliingia, akaandika sahihisho la Halima ubaoni kwa herufi kubwa, akatugeukia. "Huyu amenishinda," akasema. "Msizoee."

Mwezi wa Ramadhani, walimu wengine waliofunga walipunguza mwendo, yeye aliongeza. Alitukataza Sheng katika chumba chake, na alipokasirika alitukemea kwa Sheng safi ya stendi. Kila asubuhi alizifuta kibodi zile kuukuu kwa pembe ya leso, moja baada ya nyingine, kwa sababu vumbi la Isiolo haliheshimu mlango, lakini viatu vyake mwenyewe sikuwahi kuviona vimefutwa. Hakupenda kusifiwa. Aliniambia siku moja, nikiwa nimemletea mandazi kutoka dukani kama shukrani, kwamba mtu mwenye adabu akitaka kukufungia mlango, hukuambia asante kwanza. Mandazi alikula.

Katika chumba hicho alitufundisha kitanzi. Kitanzi ni amri inayoichukua orodha na kuvipitia vitu vyake kimoja kimoja mpaka viishe; hakuna programu ya maana isiyo nacho. Kitabu kilikomea hapo. Mwalimu alidai mkia: kila kitanzi kimalizike kwa mistari inayouliza ni nani alitarajiwa na hakupita, na kueleza atafanyiwa nini. Aliyeacha mkia alipata sufuri, hata kama mengine yote yalikuwa safi.

Halima alisimama kutetea sufuri yake. Alisema programu inafanya kazi, kila mtu ameiona ikifanya kazi.

"Inafanya kazi kwa wale wamekuja," Mwalimu akamjibu.

"Na wenye hawakukuja, Mwalimu, hiyo si shida yao?"

"Ukikosa wewe, itakuwa shida ya nani?"

"Ya mamangu."

"Basi andikia mamako mkia."

Tulicheka mpaka Halima mwenyewe akacheka. Nilicheka nao, huku nikiuona uwanja wa Kulamawe.

Miaka ilipita, nikaenda chuo kikuu Nairobi, na huko nikagundua kwamba dunia nzima huandika vitanzi visivyo na mkia. Programu hupitia wagonjwa waliokuja kliniki na kutangaza kazi imekwisha. Mgonjwa ambaye jina lake lilianguka njiani, mahali pake pakachukuliwa na jina lililojirudia, hana wa kumuulizia. Idadi ni sawa. Nilipomweleza Mwalimu kwa simu kwamba nafikiria kulifanyia utafiti jambo hilo, aliuliza kwa nini watu waachiwe kukumbuka. Lugha yenyewe ikatae, alisema. Mtu akiandika kitanzi juu ya watu wanaotarajiwa, na asiseme atawafanyia nini wasiofika, programu isikubali kuanza.

Hilo ndilo likawa pendekezo langu, kwa ukamilifu wake: mwanzoni mwa kitanzi unataja wanaotarajiwa, mwishoni unaandika mkia, na ukiuacha, lugha inagoma. Nilimtumia rasimu. Aliirudisha na dai moja, kwamba niiondoe aya niliyoipenda kuliko zote, ile iliyowaeleza wafugaji wa kaskazini na lango la zizi. Niliitetea. Nilisema ndiyo asili ya wazo, na uaminifu wa kitaaluma unadai asili itajwe.

"Asili yake ni kwamba iko sawa," akasema. "Ukiandika mila, watasema asante, halafu waweke kwa kabati."

Aya ile nilikuwa nimeiondoa katika pendekezo, lakini nilipoulizwa jukwaani wazo limetoka wapi, niliieleza, kwa kuwa sijui kulikwepa swali. Majibu yakaja ya namna mbili. Mmoja wa waandamizi, ambaye kazi yake naitumia kila siku, aliandika kwamba tatizo hili halipo, na anayelihitaji suluhisho lake hajajua kutumia zana alizonazo tayari. Wengi wakamuunga mkono. Mwingine, Mkenya mwenzangu, alikuwa mpole. Aliandika kwamba ameguswa na kitu kizuri kama hiki kutoka kwa watu wetu, na akapendekeza kiwekwe kama maktaba, yaani furushi la programu ambalo mwandishi anaweza kulichukua au kuliacha. Furushi lenyewe lipewe jina la Kiborana, kwa heshima. Kamati ikalipenda wazo hilo. Ikanitaka, kabla ya juma kwisha, ama niliondoe pendekezo ama nikubali maktaba.

Msimamizi wangu wa tasnifu alinishauri nikubali. Alikuwa mtu mwema, na alinieleza kwa upole kwamba kidogo si kibaya na kwamba ningehitimu. Nilipowasilisha kazi hiyo mbele ya idara, mtu aliniuliza swali la kawaida kabisa, nikapotea. Nilisimama nikiitazama slaidi yangu kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Tangu siku ile sikulifungua tena jukwaa. Nilisoma majibu katika arifa za simu, moja moja, yalivyokuja, na kila moja nililibeba kitandani. Ujumbe wa kukubali maktaba nilikuwa nimeshauandika. Kilichobaki ni kuutuma, na kabla ya kuutuma niliona ni haki Mwalimu ausikie kutoka kinywani mwangu.

Mwalimu aliacha kufundisha mapema, baada ya ugomvi ambao kila upande husimulia tofauti. Sasa anaishi Burat, ambako ana kipande cha vitunguu na mbuzi. Nilifika jua likishuka. Alikuwa amesimama langoni mwa zizi, bila kunitazama, kwa sababu mbuzi walikuwa wanaingia.

"Nagaa, Mwalimu," nikamsalimu kwa Kiborana.

"Nagaa. Mamako mzima?"

Nikasema mzima. Nikasimama kando yake, na kwa mazoea ya mtu aliyesoma, nikaanza kuwapiga hesabu.

"Usinihesabie mbuzi, mtoto wa duka. Midomo naiona."

Nikaifunga midomo. Vumbi lilitulia, wa mwisho akapita, Mwalimu akayapitisha macho zizini kama alivyokuwa akiyapitisha darasani. Mweusi mwenye mimba hayuko, alisema. Akachukua fimbo, akaliegemeza lango bila kulifunga, akaanza kushuka kuelekea laga, ule mkondo wa mto unaokaa mkavu karibu mwaka mzima. Nilimfuata. Goti moja lilimsumbua. Alilikunja kwa hasira, kama analikemea.

Nilimweleza yote tukitembea. Nilijieleza kwa mpangilio, kama mtu anayetetea tasnifu: maoni ya mwandamizi, fadhila ya yule mpole, ushauri wa msimamizi, uwezekano kwamba nimekosea tangu mwanzo. Aliniambia nimsomee. Nikatoa simu, nikamsomea. Kwa mwandamizi aliendelea kutembea. Tulipofika kwa yule aliyeguswa na watu wetu, alicheka kwa nguvu hadi akasimama kupumzisha goti.

"Sasa mimi nitoe hiyo lango," akasema, akielekeza fimbo tulikotoka, "niweke kwa stoo, niandike juu yake 'lango ya Waborana'. Mbuzi watalala ndani?"

Nikasema ni afadhali kuliko kukosa vyote. Nikasema maktaba ni hatua.

"Mlango ya kuchagua si mlango. Hiyo ni shimo kwa ukuta."

"Lakini Mwalimu, labda wako sawa. Ni watu wameandika lugha yenyewe."

"Wako sawa wapi? Nionyeshe mstari."

Nilirudi kwenye simu. Nilitafuta kwa uaminifu wote nilionao, na uaminifu huo ndio kitu pekee ambacho sijawahi kukitilia shaka. Nilipitia majibu yote kutoka juu hadi chini, huku tukisubiri katika mchanga wa laga na filimbi ikipigwa katika kambi ya wanajeshi iliyo jirani. Hakuna aliyeonyesha mahali ambapo wazo linavunjika. Walikuwa wamesema halihitajiki. Walikuwa wamesema ni zuri. Kati ya kutohitajika na uzuri, hakuna hata mmoja aliyegusa swali lenyewe: mtu asipofika, ni nani ataulizwa?

"Hakuna," nikasema.

"Haya. Hao wote wamesema. Nani hajasema?"

Nilifungua kinywa nimtajie wanakamati waliokaa kimya. Majina nilikuwa nayo. Kisha nikaliona lile nililokuwa nimelizunguka siku zote hizo.

"Mimi," nikasema.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Lori niligeuza mara moja," akasema. "Sasa goti inauma."

Akaniacha hapo. Aliingia kwenye vichaka vya miswaki akiita kwa Kiborana, sauti fupi ya kooni ambayo mbuzi huijua, na mimi nikaketi juu ya gogo, nikalifungua jukwaa. Niliufuta ule ujumbe wa kukubali. Niliandika kwamba siliondoi pendekezo, na sikubali liwe maktaba, kwa kuwa lango la hiari halimlindi asiyejua kwamba amekosekana. Niliandika kwamba sikuwaletea mila wala kitu kizuri; nimewaletea kasoro iliyo katika vitanzi wanavyoviandika kila siku, pamoja na njia ya kuiziba, na asiyeamini kwamba kasoro ipo anionyeshe mstari. Nilimtaja mwandamizi kwa jina, kwa heshima, nikamuuliza swali ambalo hakuwa amelijibu. Niliogopa mpaka mwisho. Nalisema hilo kwa usahihi, kwa sababu sitaki mtu adhani ujasiri ulikuja kwanza. Kisha nikatuma.

Kamati haijaamua hadi ninapoandika haya. Mwandamizi amejibu kwa ukali, nami nimemjibu. Sasa tunabishana juu ya mistari, na hiyo ni vita ninayoijua. Msimamizi wangu ameniuliza kama naelewa kwamba huenda nikachelewa kuhitimu. Nimemwambia naelewa.

Lakini jioni ile sikuyajua hayo. Nilisikia tu sauti ya Mwalimu kutoka vichakani ikiniuliza kama nimemaliza kuandika, na kama nimemaliza, niende nishike huyu. Nilimkuta amepiga goti lake bovu mchangani kando ya mbuzi mweusi, na mtoto amezaliwa muda huohuo, angali mbichi, akijaribu miguu ambayo haijamkubali. Aliniwekea mikononi, juu ya koti nililolivaa kwa ajili ya Nairobi.

"Umefika?" akauliza.

"Nimefika, Mwalimu."

Tulipanda polepole, mama akitufuata akimlilia mtoto. Zizini nilimshusha mdogo, mama akapita kati yetu, nami nikangoja. Mwalimu alisimama akapitisha macho kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila haraka, mpaka alipomaliza. Ndipo, na si kabla ya hapo, alipolifunga lango.